Acheni Usanii: Baridi ya Dissection Ilitengenezwa na Mafundi

Jamani, kuna mambo unayavumilia mara ya kwanza, unayavumilia mara ya pili, lakini mwisho unasema hapana, leo lazima niandike.

Leo nataka kuongelea albamu moja ya Sweden. Inaitwa Storm of the Light's Bane, ya bendi ya Dissection, na ilitoka Novemba 1995. Ni black metal, ule muziki wa magitaa yanayolia kama msumeno na mwimbaji anayefoka kama amemeza kaa la moto. Najua baadhi yenu mkisikia hivyo mnataka kwenda kusoma kitu kingine. Subirini kidogo. Ninachosema hakiwahusu mashabiki wa metal tu. Kinamhusu kila mtu anayesikiliza muziki halafu akafungua mdomo kutoa hukumu.

Kila nikisoma uchambuzi wa albamu hii nakutana na hukumu juu ya mambo mawili. La kwanza ni ubunifu. La pili ni kitu ambacho hatuna neno moja lililozoeleka la kukiita, kwa hiyo mimi nitakiita hewa ya muziki. Yaani ile hali inayokuzunguka ukisikiliza, mpaka chumba ulichokaa kinakuwa kama chumba kingine.

Sasa ukiwauliza wachambuzi hewa ya albamu hii inatoka wapi, utapata majibu ya ajabu. Mmoja atakwambia albamu haina hewa ya kweli kwa sababu imerekodiwa vizuri mno, black metal halisi lazima isikike kama imerekodiwa ndani ya pipa. Wa pili atakwambia hewa ipo, ila imetokana na barafu na misitu ya kaskazini, kwa hiyo mtu wa nchi za joto hawezi kuielewa. Wa tatu, na huyu ndiye anayenikera kuliko wote, atashusha sauti na kukwambia kwamba hewa ile ni ya kweli kwa sababu kiongozi wa bendi alikuja kufungwa kwa kesi ya mauaji.

Nasema hivi: wote watatu wanakwepa kazi. Hewa ya albamu hii imo ndani ya nyimbo zenyewe. Ilitengenezwa na mafundi, kwa maamuzi unayoweza kuyasikia na kuyaonyesha kwa kidole. Anayeitafuta kwenye uchafu wa rekodi, kwenye theluji au kwenye jalada la polisi, hajasikiliza.

Kwa wasiojua historia, niwape kwa kifupi.

Jina black metal lilitokana na albamu ya Venom, bendi ya Uingereza, ya mwaka 1982. Lakini sauti yenyewe, ile ya kuogofya kweli, msingi wake uliwekwa Stockholm na kijana aliyejiita Quorthon, aliyekuwa na bendi ya Bathory. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1984 na ilirekodiwa kwenye studio ndogo iliyokuwa gereji. Miaka ya mwanzo ya 1990 vijana wa Norway wakauchukua mtindo huo na kuufanya wao: Mayhem, Darkthrone, Burzum, Emperor, Immortal. Wakaongeza sheria zao, nyuso zao za kupakwa nyeupe na nyeusi, na bahati mbaya wakaongeza pia makanisa ya kuchomwa moto na mauaji. Dunia ikasahau kwamba Sweden ilikuwepo.

Dissection walianza mwaka 1989 huko Strömstad, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Sweden, karibu kabisa na mpaka wa Norway. Kiongozi wao alikuwa Jon Nödtveidt, mwimbaji na mpiga gitaa. Albamu yao ya kwanza, The Somberlain, ilitoka 1993. Ya pili ndiyo hii tunayoijadili. Ilirekodiwa mwaka 1995 kwa Dan Swanö, prodyuza ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Edge of Sanity, na ikatolewa na kampuni ya Nuclear Blast ya Ujerumani. Nödtveidt alikuwa hajatimiza hata miaka 20 alipoingia studio. Nyimbo 8, dakika 43 hivi. Basi.

Haya, tuanze na hoja ya uchafu.

Kuna watu wanaamini kwamba sauti mbovu ndiyo hewa. Mkwaruzo ukizidi, ngoma zikisikika kama makopo, besi ikipotea kabisa, wanafurahi na kusema hii ndiyo yenyewe. Mfano wanaoupenda ni Transilvanian Hunger ya Darkthrone, ya mwaka 1994, iliyorekodiwa kwenye mashine ndogo ya nyumbani. Au Filosofem ya Burzum iliyotoka 1996, ambapo mtu mzima aliamua kuimbia kwenye maikrofoni ya hedifoni ili sauti iharibike.

Sikatai, hizo ni kazi kubwa. Lakini ni kubwa kwa sababu nyimbo zake zilitungwa zikae ndani ya ule uchafu. Darkthrone walipiga mstari mmoja wa gitaa ukajirudia na kujirudia mpaka ukawa kama usingizi, na wimbo wa namna hiyo unaweza kuvaa nguo chakavu ukapendeza. Uchafu ulikuwa uamuzi wa fundi. Mchukue mtu asiyejua kutunga, mpe mashine ileile ya Darkthrone, atakutolea kelele tu.

Tena hawa wapenda uchafu wana tatizo jingine ambalo hawapendi kulitaja. De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, ya 1994, ambayo kwao ni kama msahafu, ilirekodiwa Grieghallen. Grieghallen ni nini? Ni ukumbi mkubwa wa matamasha mjini Bergen, wenye jina la Edvard Grieg, mtunzi mashuhuri wa Norway. In the Nightside Eclipse ya Emperor nayo ilirekodiwa hapohapo. Sasa niambieni, hao nao si wa kweli? Au sheria ya pipa inawahusu Waswidi peke yao?

Basi tuache pipa, tusikilize nyimbo.

Albamu inaanza na wimbo usio na mwimbaji, At the Fathomless Depths, karibu dakika 2. Magitaa yanakuja polepole, mazito, kama watu wanaopanda mlima wakiwa na mzigo. Hakuna anayekimbia. Halafu ghafla Night's Blood inakupasukia usoni kwa kasi kubwa. Hiyo ndiyo hila ya kwanza, na ni hila ya mtunzi. Kasi ile inatisha kwa sababu umetoka kwenye utaratibu. Kama wangeanza mbio tangu sekunde ya kwanza, sikio lako lingezoea baada ya dakika moja.

Mnataka ushahidi? Sikilizeni Panzer Division Marduk, ya wenzao wa Sweden hawahawa, bendi ya Marduk kutoka Norrköping, iliyotoka 1999. Nusu saa ya mbio tupu, karibu hakuna pa kuvuta pumzi. Ni albamu yenye nguvu na ilikusudiwa iwe hivyo, kama shambulio la vita. Lakini kufika wimbo wa tano sikio limekufa ganzi. Kasi imekuwa kimya cha aina yake. Dissection walijua kwamba ukitaka mtu aone giza lazima kwanza umwashie taa kidogo.

Hila ya pili ni magitaa mawili. Kwenye black metal ya Norway ya wakati ule, kazi ya gitaa mara nyingi ilikuwa kutengeneza ukuta: unachokonoa nyuzi haraka haraka, juu chini, juu chini, mpaka noti moja inakuwa kama mvua isiyokatika. Nödtveidt na mwenzake Johan Norman nao wanapiga mvua hiyo. Lakini ndani ya mvua kuna melodi, wimbo kabisa, unaoweza kuupiga mluzi ukiwa unasubiri daladala. Na gitaa la pili mara nyingi linaipiga melodi hiyohiyo hatua chache juu, kama waimbaji wawili wa kwaya, mmoja sauti ya kwanza, mwingine sauti ya pili. Zote zikiwa kwenye ngazi ile ya huzuni ambayo wanamuziki huiita maina.

Hapo ndipo baridi inapotoka. Melodi tamu inapita katikati ya vurugu bila kubadilisha uso. Ngoma zinakimbia, mwimbaji anafoka, lakini ile sauti ya juu inakwenda zake kwa utulivu, kama mtu anayepita msibani bila kusalimia. Ukiisikia mara moja hutaisahau.

Hila ya tatu ni kujua kupunguza mwendo. Where Dead Angels Lie, wimbo wao unaojulikana zaidi, unakwenda taratibu kabisa. Ungetegemea kwamba wimbo wa taratibu utapumzisha moyo. Wapi! Huo ndio unaokaa kifuani kuliko yote. Thorns of Crimson Death unapita dakika 8 na unabadilisha mwendo mara kadhaa, lakini husikii viraka, kila kipande kinakifungulia mlango kinachofuata. Na mwisho kabisa, baada ya Soulreaper, inakuja piano peke yake, chini ya dakika 2, imepigwa na Alexandra Balogh. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna kufoka. Yaani albamu ya dhoruba inamalizika kwa vidole vya mtu mmoja kwenye piano, na ukimya unaofuata unausikia kama sehemu ya wimbo.

Sasa mambo yote haya, utaratibu, sauti ya pili, kupunguza mwendo, piano, ungeyasikiaje kama rekodi ingekuwa ya kwenye pipa? Ile sauti ya pili ingeliwa na mkwaruzo. Swanö aliirekodi hivyo kwa sababu nyimbo zilihitaji hivyo. Rekodi safi hapa ndiyo inayoibeba hewa.

Twende kwenye hoja ya barafu.

Hii nimeambiwa sana, na wengine ni rafiki zangu. "Wewe unaishi Dar, jasho linakutoka saa nne asubuhi, utaelewaje muziki wa theluji?" Ni swali la kuchekesha lakini lina kiburi ndani yake, maana linasema kwamba muziki ni mali ya hali ya hewa.

Kwanza, Strömstad ni mji wa bahari. Ni mahali ambapo watu wa Sweden na Norway huenda kupumzika na kuogelea wakati wa kiangazi. Baridi ya mwezi wa kwanza ipo, ndiyo, ila kila mtu wa mji ule anaijua, na si kila mtu wa mji ule alitunga Night's Blood. Theluji inawanyeshea watu wote sawa.

Pili, nusu ya hiyo theluji mnaiona kwa macho. Jalada la albamu lilichorwa na Kristian Wåhlin, anayejulikana kama Necrolord. Rangi yote ni ya bluu: mandhari ya barafu, na mauti amepanda farasi. Ni mchoro mzuri sana. Huyohuyo alichora In the Nightside Eclipse ya Emperor, na majalada mengine mengi ya miaka ile. Watu wanaangalia jalada, wanaona bluu, halafu wanasema wamesikia baridi. Fanyeni jaribio dogo: msikilizisheni mtu albamu bila kumwonyesha jalada wala kumtajia nchi. Kama ataona giza na upweke, basi hiyo ni kazi ya magitaa. Kama hataona kitu, basi mlichokuwa mnakisikia ni rangi.

Mimi sijawahi kukanyaga theluji, na albamu hii inanifikia. Huzuni ya ngazi ya maina haiombi viza.

Sasa ubunifu. Hapa ndipo kelele huwa nyingi.

Upande mmoja wanasema Dissection si wabunifu, wamechukua melodi za Iron Maiden wakazipaka masizi. Upande mwingine wanasema hapana, hawa ni wa kwanza, hakuna kama wao. Pande zote mbili wanapima kwa rula mbovu, rula ya nani alitangulia. Kwa rula hiyo tungefunga mjadala mwaka 1984, tukampa Quorthon kikombe, sote tukaenda kulala.

Ni kweli Dissection walikopa. Tena walikopa mchana kweupe. Mwaka 1996 walitoa EP ya Where Dead Angels Lie, na ndani yake walipiga nyimbo mbili za watu: mmoja wa Slayer wa Marekani, mwingine wa Tormentor wa Hungary. Hiyo kwangu ni kama mtu anayekuwekea risiti mezani: nimenunua hiki hapa, na hiki pale. Magitaa mawili ya kuimbiana yalikuwepo kwa Iron Maiden miaka ya 1980, na kabla yao kwa Thin Lizzy miaka ya 1970. Kasi wameitoa kwa Slayer na Bathory. Uzito wameutoa kwenye death metal ya nyumbani kwao.

Kwa hiyo? Sisi tuliokulia kwenye rumba tunajua kwamba vijana wa Kinshasa na Brazzaville walisikiliza santuri za Cuba mpaka zikachakaa, na hakuna mwenye akili timamu anayesema Franco alikuwa nakala ya Mcuba. Kukopa si kosa. Kosa ni kurudisha kitu kilekile ulichokopa.

Rula yangu ni hii. Weka kazi mezani pamoja na vyanzo vyake vyote. Vyanzo unavitambua, lakini je, kuna chanzo hata kimoja ambacho kingekupa hisia hiyohiyo? Iron Maiden wakiimbisha magitaa mawili wanakupa ushujaa, unataka kupanda farasi. Dissection wakiimbisha magitaa mawili unataka kufunga mlango. Mbinu ni ileile, maana imegeuka. Huo ndio ubunifu ninaoukubali, kuchukua kitu ambacho kila mtu anadhani anajua kinasema nini, ukakifanya kiseme jingine.

Na kuna jaribio zuri ambalo historia yenyewe ilitupa. Mwezi huohuo wa Novemba 1995, At the Gates wa Gothenburg walitoa Slaughter of the Soul. Nchi moja, mwezi mmoja, kizazi kimoja, masikio yaliyolelewa na santuri zilezile. Nao walikuwa na kasi na melodi. Lakini wao walikata kila kitu kikawa kifupi na kikali, nyimbo za dakika 3 hivi, ngumi baada ya ngumi. Dissection walinyoosha, wakaacha nyimbo zipite dakika 6, 7, 8. Mali ghafi ilikuwa moja, nyumba mbili tofauti kabisa. Kama melodi za Iron Maiden ndizo zinazotengeneza albamu zenyewe, hizi mbili zingefanana. Hazifanani.

Halafu angalieni waliofuata. Sacramentum na Far Away from the Sun ya 1996, jalada la bluu la mchoraji huyohuyo. Vinterland na Welcome My Last Chapter, 1996 hiyohiyo. Baadaye wakaja Watain, ambao hawajawahi kuficha wanatoka shule gani. Zipo kazi nzuri humo, Far Away from the Sun mimi naipenda. Lakini wengi wa wafuasi walichukua bluu na melodi, wakaiacha ile akili ya kupanga. Ndiyo maana leo ukisikia bendi mpya ya namna hii, dakika ya kwanza unafurahi, dakika ya kumi unajua kila kitakachokuja. Mwenye kunakili huchukua kinachoonekana.

Na kama kuna kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kupiga muziki wa aina hii, somo lipo hapahapa. Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hawakujifanya wanatoka kwenye msitu wa theluji. Walichukua kufoka na kasi ya metal wakavichanganya na kelele za mashine za kielektroniki, na kilichotoka huwezi kukipata Sweden. Hawafanani na Dissection hata kidogo, na ndiyo maana nawataja.

Sisemi albamu hii haina kasoro. Inazo. Mashairi yake mengi ni mauti, usiku, malaika na damu, mzunguko uleule wa maneno ambao bendi mia walikuwa wanautumia. Nödtveidt anafoka vizuri, kila neno linasikika, lakini anafoka kwa rangi moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayesema albamu hii haina doa ni shabiki, na shabiki si mchambuzi. Lakini ukiniuliza kama magitaa yanatosha kufidia, nitakujibu ndiyo, tena chenji inabaki.

Sasa nimefika kwenye lile jambo zito.

Julai 1997, kwenye bustani ya Keillers mjini Gothenburg, aliuawa mwanamume mmoja. Alikuwa mtu wa Algeria, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa anaishi ugenini, na alikuwa shoga. Nödtveidt na mwenzake walikamatwa mwaka huohuo. Nödtveidt alitiwa hatiani kwa kushiriki mauaji hayo. Alitoka gerezani 2004, akaifufua bendi, akatoa albamu ya tatu, Reinkaos, mwaka 2006. Agosti ya mwaka huohuo alijiua, akiwa na miaka 31.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa angalieni yanavyotumika. Unasoma uchambuzi wa muziki, unafika katikati, mchambuzi anaingiza mauaji kama kiungo. Kwamba hawa hawakuwa waigizaji. Kwamba giza lao lilikuwa la kweli. Anaandika kwa sauti ya kuvutiwa, kama anayeuza tiketi. Na yule mtu wa Algeria anatajwa kwa neno moja au hatajwi kabisa, amegeuzwa pambo la albamu.

Mimi kazi yangu ni kuandika habari gazetini. Kazini kwetu mtu akidai jambo moja limesababisha jingine, anaulizwa kwanza lipi lilitangulia. Haya, tufanye hesabu ya darasa la tatu. Albamu ilirekodiwa na kutoka 1995. Mauaji yalikuwa 1997. Mauaji ya 1997 yanawezaje kutia hewa kwenye magitaa ya 1995? Kila noti ilikuwa imeshapigwa na kufungwa kwenye boksi.

Wapo watakaosema kwamba uovu ulikuwa tayari ndani yake, ukatokea kwanza kwenye muziki kisha kwenye bustani. Sawa, tuipime hoja hiyo nayo. Kama uovu ndio unaotengeneza hewa, basi Reinkaos ilipaswa kuwa albamu ya giza kuliko zote. Mtu ametoka gerezani, na imani yake ya kishetani ameishika kuliko zamani, tena ameiandika wazi kwenye mashairi. Kwa sheria yao hiyo ingegandisha damu. Sikilizeni wenyewe. Ni albamu ya mwendo wa wastani, nyimbo fupi zilizonyooka, karibu zaidi na heavy metal ya kawaida. Baadhi ya nyimbo zinafurahisha kabisa. Baridi imeondoka. Uhalifu uliongezeka, hewa ikapungua. Sasa nadharia yenu imeishia wapi?

Nadharia hiyo ina madhara pia. Inamfundisha kijana wa miaka 17 mwenye gitaa kwamba ili muziki wake uwe wa kweli lazima kwanza afanye jambo la kutisha. Norway walishalipia somo hilo kwa makanisa na kwa maiti. Na inamnyang'anya fundi sifa yake, kwa sababu inasema zile melodi hazikuhitaji kazi, zilihitaji roho mbaya tu. Dunia imejaa watu wenye roho mbaya. Hakuna hata mmoja kati yao niliyesikia ametunga Thorns of Crimson Death kwa sababu ya roho yake.

Mtaniuliza, sasa tuiache kuisikiliza? Hilo kila mtu aamue na dhamiri yake, na anayeiacha kwa sababu ya yule marehemu ninamheshimu kabisa. Mimi naisikiliza. Lakini siisikilizi kama mtu anayechungulia eneo la tukio. Mauaji yale nayahukumu kama mauaji, na albamu naihukumu kama albamu. Utamu wa magitaa haumsafishi Nödtveidt hata punje moja, na jela yake haiongezi utamu hata punje moja.

Kwa hiyo ndugu mchambuzi, siku nyingine ukitaka kuniambia albamu hii ina hewa, nionyeshe wapi. Dakika ya ngapi, wimbo gani, gitaa linafanya nini, ngoma zinafanya nini. Ukitaka kuniambia si ya kibunifu, nitajie kazi iliyotangulia inayonipa hisia hiyohiyo, nami nitaitafuta niisikilize. Ukiniletea pipa, theluji au polisi, nitajua hujafika hata wimbo wa tatu.

Naomba kutoa hoja.